Honorable na Kitufe Cheupe

Mara ya kwanza kumwona akipiga kura ilikuwa chini ya ngazi za jengo letu, karibu na masanduku ya barua, na kura yenyewe ilihusu lifti. Jengo liko kwenye mtaa mdogo unaochepuka kutoka Chaussée d'Ixelles. Wakazi wa juu walitaka lifti mpya na wote tuchangie. Wa chini walisema miguu waliyopewa na Mungu inawatosha. Yeye alikaa ghorofa ya kwanza na hakuwahi kuipanda lifti ile, akidai inanuka mbwa. Alipoulizwa yuko upande gani, aliinama sikioni kwangu akauliza, “Siye tuko mu groupe gani?” Nikamjibu kwa mzaha kwamba mimi wa ghorofa ya pili ni kundi la juu. “Bon,” akasema, akanyoosha mkono pamoja nasi, akajitwika mchango wa lifti asiyoitumia kwa miaka yote iliyofuata. Sikumsikia akilalamika.

Sote tulimwita Honorable, kama Wakongo wanavyowaita wabunge wao, na sijui kama kuna aliyemwita kwa jina isipokuwa mkewe. Habari za alikozaliwa na ukoo wake nawaachia waliokua naye. Mimi namjua kuanzia kofia yake ya kijivu kushuka hadi viatu, ambavyo alivipaka rangi kila jioni dirishani akisikiliza taarifa ya habari. Alikuwa mbunge wa mkoa wa Brussels. Si bunge la taifa. Ukikosea hapo alikusahihisha kwa upole wa kuchosha. Mimi ni mtu wa Kigoma, nafanya kazi kwenye ofisi ya bima karibu na Gare du Nord, na Kiswahili chake cha Lubumbashi hakikunipa shida. Changu ndicho kilichompa shida yeye.

“Weye Tanzanie unasema sawa radio,” aliniambia. “Muntu anasikia, lakini hawezi kujibu.”

Mwaka mmoja gazeti la hapa lilichambua ni mara ngapi wabunge wa mkoa hupiga kura pamoja na vyama vyao. Kusema kweli karibu wote walikuwa watiifu. Bunge zima lilifanana na kwaya. Ila yeye aliwashinda wote, kwa kuwa hakuwahi kutoka nje ya kundi lake hata mara moja. Mwandishi alikusudia kumchoma. Aliweka picha yake akiwa amesinzia kidogo, na chini yake swali: kuna haja gani ya mtu pale penye kitufe? Honorable alinunua nakala kwa kila jirani, na yangu akaniletea mlangoni kwa mikono miwili. Yake aliitia kwenye fremu akaitundika koridoni, kando ya picha ya harusi.

Mkewe, mwanamke mrefu mwenye kicheko kifupi, alinionyesha fremu ile kama mtu anavyoonyesha ufa ukutani. “Ku groupe anasema oui,” alisema. “Kwangu anasema on verra.” Yaani kundini ni ndiyo, kwake ni tutaona. Honorable alisimama nyuma yake, akatikisa kichwa kukubali.

Alikuwa na msemo aliouleta kila mahali, kama watu wengine wanavyobeba mwavuli: “Muntu peke yake ni maoni. Bantu pamoja ni sheria.” Kwetu tunasema wengi wape, lakini sisi huusema tukiwa tumeshindwa na tunataka kwenda kulala. Yeye aliusema wake asubuhi, akiwa na nguvu zake zote.

Usidhani hakuwa na maoni. Alikuwa nayo mengi, na mimi niliyasikia kupitia sakafu. Katikati ya wiki kundi lao la bungeni lilikutana kuamua watakavyopiga kura Ijumaa, na jioni yake alikuwa akigombana kwa simu na mkuu wa kundi, kijana mwembamba mwenye miwani ambaye angeweza kuwa mwanawe. Non. Écoute. Non. Hapana, sikiliza, hapana. Kisha Ijumaa anabonyeza kitufe cha kijani, cha ndiyo, kama wenzake. Siku moja alikuja kwangu kuomba chumvi, akasimama mlangoni akinieleza kwa nini pendekezo la kuondoa viti kwenye vituo vya basi halifai: wazee watakaa wapi, mama mjamzito atakaa wapi, na yeye mwenyewe mwenye mgongo huu atakaa wapi. Nilishawishika.

“Kwa hiyo utalikataa,” nikasema.

“Ah, non. Nitapiga oui.”

“Si umesema ni ujinga?”

“Ni bujinga,” alisema, akipokea chumvi. “Lakini ni bujinga yetu.”

Halafu akanieleza kwamba chama ni sawa na ndoa: munagombana ku chumba, mukitoka munashikana mukono. Mimi niliyewahi kuolewa na kuachika nilimwambia mifano ya ndoa atafute kwa mtu mwingine. Akaomba radhi kwa niaba ya kundi.

Sokoni Flagey, siku za wikendi, alitafuta foleni ndefu kuliko zote akajiunga nayo kabla hajajua inauza nini. Bantu bengi vile, alisema, habawezi kukosea bote. Ndivyo alivyorudi siku moja na jibini ya mbuzi, kitu ambacho hakuweza kukaa nacho chumba kimoja. Aliimaliza yote kwa siku kadhaa, akila kidogo kidogo kama dawa, na mkewe akifungua madirisha.

Neno alilolikwepa ni “mimi”. Akizungumza hadharani alianza na au nom du groupe, kwa jina la kundi. Kwenye harusi ilikuwa kwa jina la majirani. Kwenye matanga, kwa jina la familia, hata kama familia yenyewe ndiyo kwanza inamwona. Matanga hakukosa. Na kwa kuwa mambo yote yaliyokuja baadaye yalitokana na ukumbi wa matanga, heri niueleze.

Ukifiwa Brussels huna ua wa kuweka watu. Nyumba zetu ni ndogo, na jirani anagonga dari kwa ufagio ukikohoa mara mbili. Kwa hiyo tunakwenda kwa Maman Béa. Ukumbi wake ulikuwa gereji ya magari zamani, nyuma ya duka la mikate, na sakafu hadi leo ina madoa ya oili ambayo hakuna sabuni iliyoyaweza. Anaweka viti vya plastiki, meza yenye kitambaa cheupe na picha ya marehemu, sufuria za sombe, kisamvu cha Kikongo, na wali, na watu wanakesha wakiimba na kulia mpaka mabasi ya kwanza yaanze. Nilimlilia kaka yangu pale, mtu wa Kigoma ambaye hakuna aliyemjua, na ukumbi ulijaa. Mtu asiniambie chochote kibaya juu ya ukumbi ule.

Kuna jambo jingine la kueleza, nalo ni desturi ya mabunge ya huku. Mbunge akishindwa kuja, labda anaumwa au ana msiba, mmoja wa upande wa pili anaweza kukubali kutopiga kura siku hiyo, ili mizani isiyumbe. Anabonyeza kitufe cheupe, si kijani wala chekundu, kisha anasimama kutaja sababu: nimefunga jozi na fulani. Wenyewe kwa Kifaransa wanasema amepairé. Hakuna sheria inayomlazimisha. Mwenzako hawezi kuja, basi nawe hupigi. Ni neno la mtu tu.

Desturi hii niliijua usiku wa matanga ya mke wa Honorable. Alikufa mwezi wa pili, baada ya ugonjwa mfupi, na ukumbi wa Maman Béa haukuwa na pa kusimama. Honorable alikaa kiti cha mbele, kofia magotini. Bunge lilikuwa bado linakaa usiku ule kwa ajili ya bajeti. Akaja mama mmoja wa Kibelgiji moja kwa moja kutoka bungeni, na maua yake mkononi. Tulimwita Madame. Alikuwa mbunge wa upinzani, mzaliwa wa Likasi, mtoto wa injinia wa migodi, aliyeondoka Kongo akiwa msichana na Kiswahili chake kikabaki na umri ule ule. Yeye na Honorable walipingana ukumbini mwa bunge na kunong'ona Kiswahili koridoni, wakiwasengenya wakubwa wa vyama vyote viwili.

“Bakia na bibi yako,” Madame alimwambia. “On paire. Miye pia nabakia hapa, sitapiga kura.”

Simu ya Honorable ikaita. Ilikuwa sauti ya yule kijana wa miwani, na sote tuliokaa karibu tuliisikia: kwa bajeti kundi halikubali jozi, kila mtu aje. Honorable aliitazama picha ya mkewe kwa muda. Kisha akavaa kofia.

“Groupe inaniita,” alisema.

Maman Béa alimshika mkono wa koti, naye akavibandua vidole vyake polepole, kimoja kimoja, bila hasira. Madame, kwa kuwa mwenzake anakwenda, ikabidi naye aende. Waliondoka kwa teksi moja. Wakapiga kura, mmoja ndiyo, mwingine hapana, na kura zao zikafutana. Wangebaki wote wawili kwenye matanga, bajeti ingepita vile vile. Sisi tulimlilia mkewe mpaka asubuhi. Yeye alirudi tukikusanya viti, na mfuko wa mikate chini ya kwapa, akatushukuru kwa jina la familia.

Nilimkasirikia sana. Kwa muda mrefu nilipita mlangoni kwake bila kubisha hodi, na yeye, akisikia viatu vyangu ngazini, alizima redio. Tulikuja kupatana juu ya taka, kama majirani wanavyopatana. Lakini nilitambua kwamba kupitia sakafu sisikii tena non. Alikuwa anakubali haraka sasa, na simu zilikwisha mapema.

Baada ya miaka kadhaa likaja pendekezo la sheria: kumbi zote za kukodi kwenye mitaa ya makazi zifungwe saa nne usiku. Sababu ilikuwa kelele, na siwezi kusema ilikuwa ya uongo. Kuna harusi zilizopigiwa fataki mpaka mbwa wa mtaa wakahama. Lakini matanga gani yanaisha saa nne? Mwezi wa sita saa nne mbingu ya Brussels bado ina mwanga. Ikipita, Maman Béa anafunga, na sisi tunaanza kufiwa kwenye vyumba vyetu. Waliolileta pendekezo walikuwa kundi la Honorable.

Maman Béa aliongoza kina mama kwenda kumwona, na mimi nikafuatana nao kwa kuwa njia ilikuwa ngazi moja tu. Alitukaribisha vizuri. Alitupikia chai mwenyewe, akatoa biskuti.

“Honorable,” Maman Béa alisema, akiitaja saa nne kwa Kifaransa, “à vingt-deux heures, bantu ba kazi bangali ku njia. Tutalia na nani?”

“Maman, groupe iliisha kuamua.”

“Bibi yako tulimulilia pale mupaka asubuyi.”

“Najua, maman.”

“Unajua ju tulikuambia,” alisema Maman Béa. “Weye haukukuwa pale.”

Honorable alinyanyuka, akachukua birika, akaongeza chai kwenye vikombe ambavyo vilikuwa bado vimejaa. Ikamwagika kwenye visahani. Tukaaga.

Wiki ya kura Madame alikuwa hospitalini, amepasuliwa goti, na alikuwa amemwomba Honorable wafunge jozi. Kundi la Honorable lilikubali bila kusita. Wingi wao bungeni ulikuwa mwembamba, lakini ulitosha, na kumwacha mzee mmoja akae na kitufe cheupe hakukumdhuru mtu. Ijumaa ile nilifungua matangazo ya bunge kwenye kompyuta ya ofisi, jambo ambalo mkuu wangu wa kazi asingelipenda. Nje ya dirisha langu treni zilikuwa zimesimama kwenye reli za kuingia Gare du Nord, hazisogei. Kulikuwa na hitilafu ya umeme. Sikujua kwamba ndani ya mojawapo alikaa mbunge wa kundi lao ambaye walimhitaji.

Kwenye skrini nilimwona yule wa miwani akiinuka, akashuka ngazi mpaka kwenye meza ya Honorable, akainama sikioni kwake. Maneno niliyajua baadaye, maana kijana yule aliyaeleza hata kwa wasiomuuliza: mwenzetu amekwama, bila kura yako tunalingana, na kura zikilingana pendekezo linaanguka. Jozi ivunje, Madame ataelewa. Na orodha ya wagombea wa uchaguzi ujao, akaongeza, inaandikwa wiki ijayo. Honorable alitikisa kichwa kama anavyotikisa siku zote, kichwa cha mtu anayekubali. Yule akarudi kukaa, ameridhika.

Matokeo yakatokea ukutani. Kura zimelingana. Pendekezo limeanguka. Katikati ya kijani na nyekundu kulikuwa na taa moja nyeupe. Spika akauliza sababu ya kutopiga kura, Honorable akasimama, akafunga kifungo cha koti, akasema amefunga jozi na Madame, aliye hospitalini. Alisema kwa sauti ya mtu anayeagiza kahawa. Mkuu wa kundi alivua miwani akaishika mkononi, akabaki akitazama mbele.

Jioni ile ngazi za jengo letu zilijaa kina mama. Waliimba, walipiga vigelegele, na Maman Béa alikuja na sufuria ya sombe aliyoibeba kichwani kutoka ukumbini kama yuko kwao. Honorable alifungua mlango akiwa na brashi ya viatu mkononi.

“Ba maman, musiniimbie,” alisema. “Sikupiga ju yenu. Nilikuwa nimepa Madame parole. Ni ile tu.”

“Donc,” Maman Béa aliuliza taratibu, “kama goti ya Madame ingekuwa muzima?”

“Ningepiga oui.”

Wimbo ulikufa ngazi kwa ngazi, kuanzia juu kushuka chini. Maman Béa alitua sufuria mlangoni, akafikiri kidogo, akaondoka na mfuniko.

Nami nilimwamini. Ahadi ni deni, nilijiambia, hata kwa mtu wa upinzani, na mzee huyu si mwovu, ni mtu wa utaratibu tu. Leo utaratibu mmoja umegongana na mwingine. Nilimsifu kwa hilo na kumdharau kwa hilo hilo. Maman Béa hakuwa na moyo mgumu kama wangu, lakini salamu zake zilipoa.

Chama hakikumfukuza. Walimweka katikati ya orodha ndefu, pale ambapo macho ya mpiga kura yanachoka. Hakuteta. Alisimama Flagey kwenye mvua akigawa karatasi zenye nyuso za wengine, na siku yenyewe ya uchaguzi, aliniambia mwenyewe, hakuliwekea alama jina lake bali kisanduku cha juu, cha orodha nzima. Nilimuuliza kama ana akili timamu. Kujipigia mwenyewe, akanijibu, ni kujitenga. Hakurudi bungeni. “Groupe iliamua,” alisema, akaenda kununua rangi ya viatu.

Kitu kimoja kilinishangaza siku nilipompelekea barua yake iliyoingia kwenye sanduku langu. Koridoni picha ya harusi ilikuwa peke yake. Kando yake ulibaki msumari. Nilipouliza gazeti liko wapi, alisema limekuwa la zamani.

Madame nilikutana naye Flagey, siku ya soko, akichagua matango kwa ncha ya fimbo. Alikuwa amestaafu, goti limepona nusu. Nikamwambia goti lake lilitutendea wema mkubwa kuliko wanasiasa wengi. Alicheka, kisha akasimama wima.

“Ule muzee,” alisema, “ni muntu ya honneur kabisa. Unajua, asubuyi ya vote nilimutelefoner. Nilisikia ku radio treni hazitembei, nikajua batamufinya. Nikamwambia: mon cher, nakuachilia, jozi imekwisha, piga vile groupe inataka. Usipoteze kiti ju ya goti yangu.”

“Akasemaje?”

“Akasema merci. Na kisha akaishika tu ile parole. Miye nilimufungulia mulango, yeye akabakia ndani.” Alitikisa kichwa kwa heshima, akaweka matango kwenye kikapu.

Sikununua kitu siku ile. Nilishuka Chaussée d'Ixelles nikigongana na watu. Madame aliona uaminifu uliopita kiasi. Mimi nilimjua Honorable: akifunguliwa mlango na wenyewe na bado akabaki ndani, basi ana kazi yake humo.

Nilimkuta kwa Maman Béa, kama nilivyotarajia. Tangu atoke bungeni alikuwa wa kwanza kufika kwenye kila matanga na wa mwisho kuondoka, wa kwao na wasio wa kwao. Ilikuwa alasiri, amefariki mama mmoja wa Kolwezi, na watu wangeanza kuja jioni. Alikuwa akipanga viti vya plastiki kwa mistari, akivipima kwa jicho, akirudi kunyoosha kimoja kilichopinda. Maman Béa alikuwa upande wa pili akikunjua kitambaa cheupe. Niliona aibu kuanza, lakini sina tabia ya kukaa na neno.

“Nimeonana na Madame,” nikamwambia.

“Goti yake?”

“Linatembea. Amesema alikupigia simu asubuhi ile, akakuachilia.”

Alitoa leso akafuta kiti ambacho hakikuwa na vumbi. “Ile siku ku telefone mulikuwa bruit, makelele mingi.”

“Amesema ulimjibu merci.”

“Merci ni politesse, adabu tu.”

“Honorable. Ulisimama mbele ya bunge zima ukasema umefunga jozi. Kina mama wakaja kukuimbia, ukawafukuza kwa jozi hiyo hiyo. Kama hukuwa umefunga na Madame, ulifunga na nani?”

Alikunja leso, akairudisha mfukoni, akatazama mezani, mahali ambapo jioni ile wangeweka picha.

“Miye?” alisema. “Na bibi yangu. Yeye hakuweza kuya.”